Homa ya mwanaume si mzaha mtupu, lakini ubarobaro pia si kinga

Kuna mzaha ambao haukosi mitandaoni kila Julai, baridi inapobisha hodi Nairobi na Limuru. Mwanamke akishikwa na homa anaosha vyombo, anampeleka mtoto shuleni na bado anafika kazini kwa wakati. Mwanaume akishikwa na homa iyo hiyo anajifunika blanketi mbili, anaitisha supu, kisha anaanza kugawa urithi. Umeucheka mzaha huo, nami nimeucheka. Lakini hebu leo tuulize swali ambalo wanasayansi wamelivalia njuga tangu 2020: je, mwili wa kiume na wa kike hupambana na virusi vya njia ya hewa kwa namna moja?

Jibu fupi ni la. Jibu refu lina mitego, na ndiyo maana nakuandikia, kwa sababu nimewasikia mabarobaro wakilitumia jibu fupi vibaya sana. Kuna anayesema yeye ni kijana ngangari kwa hivyo hakuna homa itakayomweza. Kuna mwingine anayesema corona ilituogopa sisi Waafrika kwa sababu ya damu yetu.

Tuanze na corona yenyewe. Katika nchi nyingi zilizohesabu vifo kwa jinsia, wanaume walikufa zaidi ya wanawake. Kenya nayo, mwaka 2020, wengi wa waliothibitishwa kuambukizwa walikuwa wanaume. Ila hapo usikimbilie damu. Kumbuka ni nani aliyekuwa akipimwa: madereva wa matrela pale Malaba, Busia na Namanga walilazimika kupimwa ndipo wavuke mpaka, na unajua ni wanawake wangapi wanaoendesha matrela. Ukiwapima wanaume kwa wingi, utawapata wanaume wagonjwa kwa wingi. Takwimu ni kama mwavu wa mvuvi: samaki unaowaona ni wa pale ulipoutupa.

Kisa kilichonifanya niamini kwamba damu nayo ina lake hakikutoka kwetu. Kilitoka Uholanzi, mwaka uo huo wa 2020. Vijana wanne, jozi mbili za ndugu kutoka familia mbili zisizo na uhusiano wowote, walilazwa mahututi kwa Covid-19. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 26. Hawakuwa na historia ya ugonjwa wowote mkubwa wa kudumu. Wote waliwekwa kwenye mashine ya kupumulia, na mmoja wao akafariki. Madaktari walipochunguza chembe zao za urithi walikuta kasoro kwenye jeni moja, TLR7.

Jeni hiyo kazi yake ni kama ya soja wa langoni. Virusi kama vya corona na vya homa ya mafua vikiingia ndani ya seli, soja huyo huvitambua na kupiga nduru. Nduru yenyewe ni protini zinazoitwa intaferoni. Unajua mambo yanavyokwenda kijijini mwizi akiingia boma la jirani: mmoja akipiga nduru, wote hutoka na marungu. Soja akilala, mwizi anazunguka nyumba hadi nyumba usiku kucha, na kijiji kinapozinduka asubuhi kinachapana chenyewe kwa hasira. Hivyo ndivyo mapafu huharibika: kinga inachelewa kuamka, kisha inaamka na fujo.

Sasa, jeni ya TLR7 imekaa kwenye kromosomu X. Mwanamke ana X mbili. Mwanaume ana moja tu, ile aliyopewa na mamake. Mwanamke akiwa na nakala mbovu, kwa kawaida ana nyingine ya kumwokoa, kama gari lenye tairi ya spea. Mwanaume tairi ikipasuka amekwama hapo hapo barabarani. Isitoshe, katika baadhi ya seli za kinga za mwanamke nakala zote mbili hufanya kazi kwa pamoja, jambo linalompa nduru kali zaidi tangu mwanzo.

Usitetemeke, kasoro hii ni nadra. Utafiti uliochapishwa 2021 uliikuta kwa takribani mmoja kati ya kila wanaume 100 wa chini ya miaka 60 waliokuwa hatarini kufa kwa Covid-19. Kubwa zaidi ni hili: kati ya wagonjwa 987 mahututi waliochunguzwa 2020 katika nchi mbalimbali, 101 walikuwa na kingamwili zilizogeuka na kushambulia intaferoni zao wenyewe. Yaani ndani ya mwili kuna mtu anayeziba mdomo wa anayepiga nduru. Kati ya hao 101, wanaume walikuwa 95. Mwanamke sita tu! Wengi wao walikuwa na umri mkubwa, kwani hali hiyo huongezeka kadiri mtu anavyozeeka.

Na homoni je? Hapa ndipo maneno yamekuwa mengi kuliko ushahidi. Inajulikana kwamba estrojeni, kwa jumla, huipa kinga ya mwili nguvu, ilhali testosteroni huelekea kuituliza. Kuna pia protini moja ambayo kirusi cha corona huitumia kama ufunguo wa kuingilia seli, na utengenezaji wake, hasa kwenye tezi dume, huchochewa na homoni za kiume. Ukisikia hivyo utasema basi dawa ni rahisi: punguza testosteroni, mgonjwa apone. Hata watafiti walisema hivyo. Nchini Marekani waliwachukua wanaume 96, wanajeshi wa zamani waliokuwa wamelazwa kwa corona, na baadhi yao wakadungwa dawa ya kuzima testosteroni ambayo hutumika kutibu saratani ya tezi dume. Haikusaidia kitu. Jaribio lilisimamishwa kabla ya kukamilika kwa sababu hakukuwa na dalili ya manufaa.

Nakupa kisa hicho kwa makusudi. Kwenye simu yako kuna mtu anayekuuzia tembe za kusawazisha homoni ili kinga iwe imara, na kule gym kuna mwingine anayekuuzia sindano za testosteroni ili uwe chuma. Wote wawili watakutajia sayansi. Waulize ni jaribio gani lililoonyesha bidhaa yao inazuia nimonia, kisha utazame sura zao.

Wala dada zetu wasishangilie mapema. Kinga yenye nduru kali ina gharama yake. Ugonjwa wa lupasi, ambao kinga huushambulia mwili wenyewe, huwapata wanawake katika visa tisa kati ya kumi. Wanaolalamikia uchovu na kukosa pumzi miezi mingi baada ya corona kwisha, wengi ni wanawake. Na mimba hubadilisha hesabu yote. Homoni hupanda, kinga hujipanga upya ili imvumilie mtoto, mapafu nayo hubanwa na tumbo linalokua. Katika mkurupuko wa homa ya H1N1 mwaka 2009, wajawazito walikuwa miongoni mwa waliougua vibaya kupita kiasi. Kwa hivyo rafiki yako mwenye mimba akikohoa wiki nzima na wewe unamwambia atumie tangawizi na limau, unamkosea.

Tuje kwa lile la damu ya Kiafrika. Machi 13, 2020, Kenya ilipotangaza mgonjwa wake wa kwanza, aliyekuwa Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alilazimika kukanusha papo hapo uvumi kwamba watu weusi hawashikwi na virusi hivyo. Mgonjwa mwenyewe alikuwa Mkenya. Uvumi haukufa. Miezi michache baadaye ulipata hata vazi la kisayansi, pale Hugo Zeberg na Svante Pääbo walipoonyesha kwamba kipande fulani cha kromosomu ya tatu, kilichorithiwa kutoka kwa binadamu wa kale wa Neanderthal, huongeza hatari ya kuugua Covid-19 vibaya. Kipande hicho wanacho takribani nusu ya watu wa Asia Kusini na takribani 16 kwa kila Wazungu 100. Barani Afrika karibu hakipo.

Ni utafiti wa maana, na Pääbo alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2022 kwa kazi yake kuhusu binadamu hao wa kale. Lakini kukosa kipande kimoja cha hatari si kuwa na ngao. Mwaka 2021 watafiti hao hao walieleza kipande kingine kutoka kwa Neanderthal, na hiki hupunguza hatari. Nacho wengi wetu Waafrika hatuna. Hapo umesikia mtu akijigamba?

Halafu kuna jambo linaloniudhi zaidi. Hesabu iliyofanywa 2019 ilionyesha kwamba karibu asilimia 78 ya watu walioshirikishwa katika tafiti kubwa za jeni walikuwa na asili ya Ulaya. Wenye asili ya Afrika walikuwa asilimia 2. Bara lenye utofauti mkubwa zaidi wa jeni duniani ndilo lililochunguzwa kidogo zaidi. Mtu akikwambia jeni za Mkenya zinamlinda au zinamponza, muulize amezisoma wapi.

Kwani basi mbona hatukufa kama Italia? Watafiti wa KEMRI na wenzao wa Wellcome Trust kule Kilifi walipima damu 3,098 za wachangiaji kati ya Aprili na Juni 2020. Baada ya kufanya hesabu zao, walikadiria kwamba asilimia 4.3 walikuwa na kingamwili za corona. Mombasa ilifika asilimia 8. Yaani virusi vilikuwa vimeshatembea mbali kuliko taarifa za jioni zilivyodai. Vilitukuta, naam, ila vilikuta nchi ambayo karibu nusu ya watu wake hawajafikisha miaka 20. Hiyo ndiyo sababu kubwa, pamoja na vifo ambavyo havikuhesabiwa, si rangi.

Na ukitaka kuona mipaka ya biolojia, tazama majimbo ya Michigan na Georgia, Marekani. Huko wanawake weusi walikufa kwa corona kwa kiwango cha juu kuliko wanaume weupe. Wana X mbili na estrojeni yao. Lakini kazi za mikono zisizoweza kufanyiwa nyumbani, nyumba zenye watu wengi na hospitali zisizowasikiliza vilishinda hizo X mbili. Hapa kwetu, utafiti wa 2014 ulikuta wanaume 19 kati ya 100 wakitumia tumbaku, dhidi ya wanawake wanne au watano. Upande wa pili, ni nani anayevuta moshi wa kuni na makaa jikoni kila siku? Mapafu hayaulizi moshi umetoka kwa sigara au kwa jiko.

Sasa wewe utajijuaje? Kwa sura na jinsia huwezi. Vipimo vya jeni vinavyouzwa mitandaoni havikuundwa kukujibu swali hilo. Kuna swali moja la bure ambalo hata daktari wa zahanati anaweza kulitumia, nalo ndilo lililowazindua wale wa Uholanzi. Kilichowashtua kwanza hakikuwa maabara. Kilikuwa ni kuona ndugu wa toka nitoke, vijana na wazima, wakilazwa mahututi kwa ugonjwa mmoja.

Kwa hivyo ukienda nyumbani mwisho wa mwezi, muulize mama, au shangazi anayejua habari za ukoo: je, kuna mjomba, kaka au binamu aliyefariki au kunusurika kifo kwa nimonia akiwa kijana? Muulize hasa kuhusu upande wa mama, maana X ya mwanaume hutoka huko. Kama yupo, mwambie daktari siku utakayokwenda na homa isiyoshuka au kifua kinachobana, hata kama hajakuuliza.