Mafuta Yanayopita Chemba na Mafuta Yanayolimwa Chemba

Kaskazini mwa Dodoma, katika wilaya ya Chemba iliyomegwa kutoka Kondoa, bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima kwenda Chongoleani, Tanga, limekatiza nchi ya alizeti, uwele na mtama. Kati ya kilometa zake 1,443, kilometa 1,147 ziko Tanzania. Mafuta ni ya Uganda, nayo huganda upesi hata inabidi yapashwe joto njia nzima. Katika kampuni ya bomba hilo Tanzania ina asilimia 15 kupitia Shirika la Maendeleo ya Petroli, TPDC. TotalEnergies ya Ufaransa ina asilimia 62. Na bado kuna gesi iliyogunduliwa nchini, inayokadiriwa kufikia futi za ujazo trilioni 57, nyingi ikiwa chini ya bahari ya Lindi na Mtwara. Ibara ya 3 ya Katiba inaitaja Tanzania mpaka leo kuwa nchi ya kijamaa. Basi utajiri huu ukianza kumiminika, ujamaa huo utapimwa kwa nini? Wengi wanaupima kwa hisa za serikali. Mimi nasema kipimo hicho hakitoshi: mali ya dola huwa mali ya umma pale tu mwananchi anapoweza kuiona fedha yake, kuihoji, na kuendelea kuishi kwa jasho lake bila kuitegemea.

Tazama Venezuela: ilitaifisha mafuta yake mwaka 1976, ikawa na asilimia mia moja ya mafuta yenyewe, ilhali sisi tuna asilimia 15 ya bomba tu. Mwaka 1998 iliunda mfuko wa akiba kwa ajili ya siku ambazo bei ingeshuka. Ukachotwa mpaka ukakauka. Baada ya mgomo wa 2002 na 2003, wafanyakazi wapatao 18,000 wa shirika la mafuta la taifa walifukuzwa, wakiwemo mafundi na wahandisi. Uzalishaji uliozidi mapipa milioni tatu kwa siku mwishoni mwa miaka ya 1990 ulikuwa chini ya milioni moja ilipofika 2020. Wapo wanaojibu kwamba aliyeiangusha ni Marekani kwa vikwazo vyake. Vikwazo viliumiza, na viliumiza watu wa chini kuliko wakubwa. Lakini vile vya mafuta vilikuja 2019, wakati visima vilikuwa vimekwisha kudhoofika kwa miaka mingi.

Jambo linalonitia hofu zaidi kuhusu Chemba ni mafuta ya kula. Tanzania huagiza nje sehemu kubwa ya mafuta ya kula, ilhali Kanda ya Kati inalima alizeti. Mwaka 2023 bei ya alizeti ilianguka, na wakulima na wasindikaji wakalaumu unafuu wa ushuru uliotolewa kwa mafuta yanayoingia. Hayo yalitokea kabla hata dola za gesi hazijafika. Zikifika kwa wingi, shilingi itapata nguvu, bidhaa za nje zitakuwa rahisi, na mkamuaji wa alizeti atashindwa sokoni bila kosa lake. Azimio la Arusha la 1967 liliweka kilimo na kazi ya watu mbele ya fedha. Sioni mahali ambapo msimamo huo una uzito kuliko hapa. Ushuru wa kulinda alizeti, maghala na mbegu bora ni sera ya gesi pia, hata kama wizara inayovishughulikia ni nyingine.

Kuna wanaosema tukilegeza mkono wa dola, makampuni yatatufilisi. Wana haki ya kuogopa, na sheria ya 2017 ya mamlaka ya nchi juu ya maliasili ilizaliwa na hofu hiyo. Sitaki mkono wa dola ulegezwe, nataka uonekane. Chini ya sheria za mwaka 1999 ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini wake, lakini waliopisha mkuza wa bomba walithaminiwa mali zao kisha wakasubiri fidia kwa miaka, huku wamezuiwa kupanda mazao ya kudumu. Mtwara mwaka 2013 watu waliingia barabarani kupinga gesi kupelekwa Dar es Salaam, wakati gesi hiyo ilikuwa ya taifa kwa kila sheria. Mwaka 2015 Bunge lilipitisha kwa hati ya dharura sheria ya mapato ya mafuta na gesi, yenye mfuko wake, na sheria ya uwazi katika tasnia ya uziduaji, inayotaka mikataba iwekwe hadharani. Bunge hilo linakutana Dodoma, mkoa uleule ilimo wilaya ya Chemba. Gawio la asilimia 15 likianza kulipwa, hesabu yake isomwe humo kwa Kiswahili kila mwaka, kisha ibandikwe kwenye ofisi ya kila kijiji ambacho bomba limekipitia.