Tusiulize Nani Alitenda Dhambi

Katika Yohana 9, wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu walitaka kujua mwenye dhambi ni yeye au ni wazazi wake. Bwana aliwakatalia yote mawili. Lakini hata leo, hapa Njisi na kote Kyela, mtoto akizaliwa na mgongo wazi, au kichwa chake kikianza kukua kupita kiasi, swali lile hurudi. Huyu humshuku mama, yule humtaja jirani kuwa mchawi. Na wapo wanaojiita watumishi wa Mungu wanaomwambia mama asiende hospitali mpaka maombi yaishe. Tunasema wazi: huo ni uongo, na unaua watoto.

Wataalamu wa baiolojia wanaochunguza jinsi ubongo unavyojengeka tumboni wanafundisha hivi. Mwanzoni ubongo na uti wa mgongo ni utando bapa wa seli. Kingo za utando huo huinuka, hukutana na kufunga kuwa mrija. Kazi hiyo hukamilika karibu siku ya 28 tangu mimba kutungwa. Mrija usipofunga upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Siku hiyo ya 28 akina mama wengi hawajajua kama ni wajawazito. Dhambi gani hapo?

Utafiti uliochapishwa mwaka 1991 ulionyesha kuwa asidi ya foliki, ikitumiwa kabla ya mimba, hupunguza kwa 72% hatari ya tatizo hili kujirudia kwa mama aliyekwisha kuzaa mtoto wa namna hiyo. Shirika la Afya Duniani linashauri mikrogramu 400 kila siku, tangu mwanamke anapotarajia kushika mimba hadi wiki ya 12. Anayeanza kliniki mwezi wa nne hupewa vidonge, na vina faida nyingine, lakini mrija umeshafunga zamani. Tangu 2011 serikali imeagiza unga wa viwandani uongezwe virutubishi, foliki ikiwemo. Sisi je, tunaokula wali, ndizi na unga wa mashine ya kijijini?

Kichwa kikubwa nacho kina sababu zake. Huko Mbale, Uganda, katika hospitali ya Kikristo iliyofunguliwa mwaka 2001, daktari Benjamin Warf aliona kuwa watoto wengi walijaa maji kichwani kutokana na maambukizi ya utotoni. Wengi walifanyiwa upasuaji wakapona. Hapa kwetu upasuaji huo hufanyika katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Maji yale huuminya ubongo kila siku. Hayasubiri mkesha uishe.

Wapo watakaosema kanisa si zahanati. Basi watuambie Hospitali ya Kilutheri ya Matema, katika wilaya hii hii, ilijengwa na nani.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Mafundisho ya ndoa yataje asidi ya foliki, maharage na mboga za majani kabla ya harusi, bwana harusi akisikia. Umoja wa wanawake umsindikize mama hospitalini wiki ile ile anapoona kichwa kinakua, na harambee ya nauli ifanyike bila kumhoji. Na madhabahu yetu yasipewe mtu anayeuza maombi kwa kumzuia mgonjwa asitibiwe. Tumwombee mtoto, naam, tena kwa bidii. Tumwombee akiwa njiani kwenda kwa daktari.