Nyumba ya Mjapani haijengwi kwa siku moja!

Jamani, hii hadithi ya "Wajapani hujenga nyumba kwa siku moja" imenichosha. Kila mteja anayetaka programu yake iwe tayari Ijumaa hunitupia hiyo. Ameona video: asubuhi pana msingi mtupu, jioni nyumba ya mbao ya orofa mbili imesimama. Basi ananiuliza, "Na nyinyi watu wa kompyuta mnangoja nini?"

Video haidanganyi. Nguzo na mihimili ya nyumba ya kawaida ya mbao kule Japani husimamishwa kwa siku moja au mbili. Lakini hebu tuhesabu siku ambazo kamera haikuwepo.

Anayetaka nyumba ya ramani yake mwenyewe huketi na mchoraji miezi 3 hadi 6 hivi. Wanabishana: jiko liwe wapi, dirisha litazame wapi, viatu vivuliwe wapi. Halafu kuna kibali. Tangu Aprili 2025, ukaguzi wa ramani ya nyumba ya mbao ya orofa mbili umepewa hadi siku 35. Zamani zilikuwa 7. Kisha msingi wa zege, karibu mwezi mzima.

Na kiwandani je? Mashine zinazoongozwa na kompyuta zinakata kila nguzo na kila kiungo kwa vipimo vya ramani ile ile. Ndiyo sababu siku ya kusimamisha hakuna fundi anayekuna kichwa. Baada ya hapo bado kuna kuta, nyaya, mabomba na sakafu: miezi mingine 2 au 3.

Jumlisha mwenyewe. Unakaribia mwaka!

Utaniambia kuna Sekisui Heim, ambao tangu miaka ya 1970 hutengeneza vyumba kiwandani na kuvipanga kiwanjani kwa siku moja. Sawa kabisa. Lakini chumba hakiingii kiwandani kabla mteja hajaamua kila kitu.

Huku kwetu mteja huona mazungumzo ni kupoteza muda na michoro ni wizi wa pesa. "Anza tu, tutarekebisha mbele." Nguzo zikishasimama, anataka jiko lihamie chumba cha kulala, bei ile ile, na Ijumaa ni ile ile. Ikichelewa, mvivu ni mimi.

Ndugu mteja, ukitaka siku moja ya Mjapani, nipe kwanza miezi yake sita.