MASWALI NA MAJIBU: KIRUSI KIKAACHO KIMYA

Mwezi huu tumepokea barua ya ndugu yetu mmoja wa Mazinde, wilaya ya Korogwe, ambaye jina lake tunalisitiri. Aeleza kuwa mkewe, waliyeishi pamoja kwa miaka 11, alikwenda kupimwa mlango wa kizazi akaambiwa kuwa ana virusi vya papiloma. Kisha ndugu huyu akasikia barazani kwamba virusi hivyo huambukizwa kwa kujamiiana. Tangu hapo hapati usingizi, naye auliza: "Je, hii si dalili ya kuwa mke wangu ametoka nje ya ndoa?"

Twajibu kwanza, kisha tueleze sababu. La, si dalili hiyo. Kipimo kile chasema kuwa kirusi kipo. Hakisemi kiliingia lini, wala kilitoka kwa nani.

Virusi vya papiloma ni jamii kubwa yenye aina zaidi ya 200. Nyingine huleta chunjua za mikononi tu. Lakini aina chache, khasa zile zipewazo namba 16 na 18, ndizo ziletazo saratani ya mlango wa kizazi. Jambo hili lilifunuliwa na Mjerumani Harald zur Hausen katika miaka ya 1983 na 1984, naye akatunukiwa tuzo ya Nobel mwaka 2008.

Kirusi hiki hakiwezi kuzaana peke yake. Mali yake yote ni maandishi ya urithi yenye umbo la pete, herufi kama 8,000 tu, na ganda la kuyahifadhi. Hupenya katika mchubuko mdogo usioonekana, kikafika tabaka la chini kabisa la ngozi laini, mahali zinapozaliwa seli changa. Hapo hakifanyi fujo. Hujinakili nakala chache, kisha hutulia. Seli inapogawanyika, nakala zile hujishikiza kwenye urithi wa seli, hata kila seli mpya ikapata fungu lake. Seli zikipanda kuelekea juu na kukomaa, ndipo kirusi kinapojinakili kwa wingi, kikavaa maganda, kikatoka pamoja na seli zilizokufa zinazobanduka zenyewe.

Tazameni ujanja huo! Kirusi hakiui seli, hakisafiri katika damu, wala hakileti homa. Walinzi wa mwili hawapati habari upesi kuwa adui yumo nyumbani. Hata hivyo, kwa watu wengi, kama tisa katika kila kumi, mwili hukishinda ndani ya miaka miwili hivi. Kwa waliobaki hudumu miaka mingi. Na pengine kilichodhaniwa kwisha huwa kimejificha katika seli chache, kikaonekana tena baadaye.

Basi, ewe ndugu yetu, kirusi kilichoonekana leo huenda kiliingia kabla ya siku ya nikaha yenu. Huenda wewe mwenyewe ndiye uliyekuwa nacho, nawe hukujua, kwani wanaume wengi hukichukua bila dalili yoyote. Katika Surat An-Nur tumeonywa vikali dhidi ya kumtuhumu mwanamke mwenye kujihifadhi pasi na mashahidi wanne. Kipimo hiki si shahidi hata mmoja.

Hatari yenyewe iko kwingine, nayo ndiyo ikustahiliyo hima yako. Kirusi hutengeneza protini mbili ziwafungao mikono walinzi wa seli, wale waizuiao isigawanyike ovyo. Kikidumu sana, maandishi yake huweza kukatika na kujiunga na urithi wa seli, na hatamu zikapotea. Wenyeji wa Mazinde wanaujua mkonge: kwa miaka huotesha majani tu, kisha huchomoza kikonyo kirefu mithili ya mlingoti wa jahazi. Saratani hii nayo huchukua miaka kama 15 hadi 20 kabla ya kujitokeza, na muda huo hupungua kwa mwenye virusi vya UKIMWI. Katika Tanzania yakadiriwa kuwa wanawake zaidi ya 10,000 waliipata katika mwaka 2020.

Lakini miaka hiyo ni nafasi ya kujiokoa. Kuwa na kirusi si kuwa na saratani. Mkeo arudi kwa wauguzi kama alivyoelekezwa. Hakuna dawa ya kukiua kirusi, bali seli zilizoanza kuharibika huonekana zikipakwa siki maalumu, nazo huweza kuondolewa kwa baridi kali au kwa joto kabla hazijawa saratani. Mfuate hata zahanati, umngoje mlangoni, mrudi pamoja.

Na kama mna binti, msikawie. Chanjo ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu mwaka 2024 hutolewa dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Utosho wa dozi moja ulichunguzwa hapa kwetu, Mwanza, kwa wasichana 930. Wasemao kuwa chanjo hii hufunga uzazi hawana hoja. Ndani yake mna maganda matupu yasiyo na maandishi ya kirusi, basi hayawezi kuzaana wala kuleta maradhi. Hutolewa mapema kwa kuwa humzuia adui mlangoni, ila haiwezi kumtoa aliyekwisha kujificha. Wala kumchanja binti si kumtilia shaka. Hata binti atakayeishi kwa usafi huenda akaolewa na mume aliyebeba kirusi bila kujua.

Ndugu yetu, anza na msamaha. Kama neno la tuhuma limekwisha kukutoka, liombee radhi usiku huu, na kesho mwende zahanati.

Wabillahi tawfiq.