Bora boksi linalohesabu

Leo naomba tuweke kando habari za mapenzi na viwalo, tuongee habari za maboksi. Siyo yale ya mitumba, nasema yale yanayolipuka.

Kama uliwahi kutumwa sukari ukaishia kwenye kibanda cha gemu, na nyumbani chai ikapoa wakikusubiri, basi Crash Bandicoot unamfahamu. Ni yule mnyama wa rangi ya chungwa, kaptula ya bluu, glovu mikononi, anayekatiza porini huku akijizungusha kama pia. Bandicoot ni mnyama wa kweli, yupo Australia, mdogo mwenye pua ndefu, na jike lake hubeba watoto kwenye mfuko kama kangaruu. Huyu wa kwenye gemu kazi yake ni kula matunda, kuvunja maboksi na kumkosesha usingizi adui yake, Daktari Neo Cortex.

Hayo maboksi yana stori yake. Gemu lilitengenezwa Marekani na kampuni ya Naughty Dog, iliyoanzishwa na washikaji wawili, Andy Gavin na Jason Rubin, likatoka mwaka 1996 kwa ajili ya PlayStation ya Sony. Gavin mwenyewe amesimulia kwamba Januari ya mwaka huo waliona mapori yao yamepwaya. Mashine haikuwa na ubavu wa kuonyesha maadui wengi kwa wakati mmoja, hivyo wakasaka kitu chepesi kuchora. Kipi chepesi kuliko boksi? Jumamosi moja wakatupilia mbali kazi nyingine zote, mmoja akaandika programu, mwenzake akachora, na baada ya saa kama sita maboksi yakawa yanafanya kazi. Mojawapo lilikuwa la TNT.

Boksi la TNT ni jekundu na jina lake limeandikwa ubavuni, halijifichi. Ukiligusa pembeni halina neno. Ukilirukia juu linaanza kuhesabu: tatu, mbili, moja, halafu bomu! Sekunde tatu zinatosha kabisa kula kona, na likilipuka linavunja maboksi mengine ya karibu, kwa hiyo unapata faida bila jasho. Linakuua papo hapo ukilitwanga kwa ule mzunguko wa pia. Yaani mwenye pupa anaondoka nalo, mwenye akili analitumia.

Mwaka 1997 likatoka gemu la pili, na humo akazaliwa mkorofi mwenyewe: boksi la kijani la Nitro. Hili halihesabu kitu. Ukilirukia umekufa, ukilizungushia umekufa, ukilipitia ubavuni umekufa vilevile. Dalili yake ni ule ukijani, na mara mojamoja linarukaruka pale lilipo, kama mtu aliyekalia siafu. Tangu hapo TNT na Nitro hazikuachana na Crash. Zilikuwemo kwenye gemu la tatu mwaka 1998, zikageuka silaha kwenye mashindano ya magari mwaka 1999, zikarudi mwaka 2017 magemu matatu ya kwanza yalipotengenezwa upya, na mwaka 2020 zikawemo tena kwenye gemu la nne.

Hata kwenye yale magari tabia ni zilezile. TNT ikikukalia kichwani unapewa nafasi ya kurukaruka mpaka idondoke. Nitro ukiigonga tu, umelipuka.

Sheria ya kibanda chetu ilikuwa moja: ukifa, unampa mwenzako padi. Unalipa shilingi mia yako, unangoja zamu nusu saa, unashika padi, unakimbilia Nitro, imekula kwako! Mimi nilikuwa bingwa wa kufa hivyo. Siku moja braza mwenye kibanda akanionea huruma, akaniambia, "Dogo, hilo la kijani halina salamu. Lizunguke." Nikamuuliza, sasa nitapataje lile jiwe linalotolewa kwa aliyemaliza maboksi yote, maana Nitro nazo zinahesabiwa? Akacheka. "Nenda mpaka mwisho, utaona."

Kweli bwana. Kwenye hatua nyingi zenye Nitro, karibu na mwisho kuna boksi la chuma la kijani lenye alama ya mshangao. Ukiligonga hilo, Nitro zote zilizobaki kwenye hatua zinalipuka huko zilipo, wewe uko mbali hata nywele haiungui, na hesabu yako inatimia. Siku niliyoligonga kwa mara ya kwanza nilirudi nyumbani bila sukari, na wala sikuumia nilipokula bakora.

Ukubwani nikaja kugundua kwamba majina yale hayakuokotwa jalalani. TNT ya kweli ilitengenezwa mwaka 1863 na Mjerumani Julius Wilbrand, na mwanzoni ilitumika kama rangi ya njano. Imetulia kiasi kwamba bila kitu cha kuishtua hailipuki kirahisi. Nitroglycerin ndiyo shughuli. Muitalia Ascanio Sobrero aliitengeneza mwaka 1847, na mtikisiko tu unaweza kuilipua. Mwaka 1864 ililipuka kule Stockholm, Sweden, ikaua watu kadhaa, akiwemo Emil, mdogo wake Alfred Nobel. Nobel huyohuyo akaja kuichanganya na udongo maalumu ili itulie, ndipo mwaka 1867 akasajili baruti ya dainamaiti. Kwa hiyo boksi jekundu linalosubiri na la kijani lisilosubiri, kila moja lina tabia ya jina lake.

Najua unajiuliza, huyu leo ametuletea somo la kemia? Subiri kidogo, ndiyo nafika nilipokuwa nakwenda.

Bi mkubwa wangu ni TNT. Ukikorofisha anasimama mlangoni na kusema, "Nahesabu mpaka tatu." Nani hajahesabiwa na mama yake? Akifika mbili sote tulishatawanyika, ndoo zimejaa, vyombo vimeoshwa, na kesi imekwisha. Tulimwogopa, lakini tulikaa naye jikoni mpaka usiku tukipiga stori, kwa sababu tulijua hatalipuka kabla ya tatu.

Dingi alikuwa mwingine. Mpole, msomaji wa magazeti, wiki nzima humsikii. Halafu Jumapili moja kijiko kinaanguka sakafuni na nyumba inawaka moto. Hakuna moja wala mbili. Tukajifunza kutembea kwa vidole, na alipoingia sebuleni sisi tulitokea mlango wa uani. Mzee alidhani ni heshima.

Nikajiapiza kwamba mimi sitakuwa vile. Kila mtu hujiapiza, si ndiyo?

Mwaka jana mdogo wangu wa mwisho, ana miaka kumi na mmoja, alichukua simu yangu bila ruhusa, ikamponyoka na kioo kikapasuka. Siku hiyo nilikuwa nimetoka kudhulumiwa hela ya kibarua na mtu ambaye sikuweza kumfanya lolote. Nilimkuta mtoto ameshika simu, machozi yanamlengalenga, anatafuta neno la kuanzia. Sikumpa nafasi. Nilimzaba kibao mpaka akakaa chini. Sikuhesabu hata moja.

Kioo nilibadilisha wiki ileile. Nikasahau, kama ilivyo kawaida ya mpigaji.

Mwezi uliopita niko kwenye kochi, dogo anacheza Crash kwenye mashine ya kuazima, lile toleo la mwaka 2017. Kafika kwenye Nitro. Nikatamani kumwambia maneno ya braza, lakini hakuhitaji. Alisimama mbali, akaliangalia, akaambaa na ukingo taratibu mpaka akalipita. Nikamsifu, "Safi sana, dogo!" Hakujibu. Baadaye akataka maji. Njia fupi ya kwenda jikoni inapita mbele ya kochi nilipokaa. Hakuipita. Alisimama, akaniangalia, akazunguka nyuma ya meza ya chakula, akaambaa na ukuta mpaka jikoni, na kurudi akapita kulekule.

Msomaji wangu, nilihisi kama nimemwagiwa maji ya barafu. Ndani ya nyumba ile boksi la kijani lilikuwa mimi.

Usije ukanielewa vibaya. Sisemi tusikasirike. Crash bila maboksi yanayolipuka angekuwa mtalii tu anayetembea porini, na mtu asiyekasirika kabisa watu watamfanya mlango wa choo cha stendi. Ninachosema ni kwamba aliye karibu nawe anastahili kusikia tatu, mbili, moja. "Bwana, hapo unaniudhi" ni tatu. "Nakuomba uache" ni mbili. Ukifika moja na bado amesimama, angalau alijua. Mapenzi mengi tunayoyalilia humu mitaani hayakuvunjwa na hasira yenyewe. Yalivunjwa na mtu aliyenyamaza miezi sita akisema "niko poa", kisha akalipuka kwa sababu ya chumvi kwenye mboga.

Na kwa sisi tuliokwisha kuwa wa kijani, dawa nimejifunza kwa Crash vilevile: Nitro inalipuliwa kwa mbali. Siku hizi nikipandwa natoka nje, nakwenda uwanja wa mpira, nazunguka raundi tatu huku namtukana yule aliyenidhulumu, peke yangu, mpaka wauza mihogo wameshanizoea. Huko ndiko kwenye boksi langu la mshangao. Nikirudi, maneno yanatoka yakiwa na namba.

Dogo nilimwomba radhi. Alisema "poa" bila kuondoa macho kwenye runinga. Bado anazunguka meza, ila juzi alikata kona mapema kidogo, akapita karibu na goti langu. Sikusema kitu, nisije nikamshtua.

Haya, wewe nyumbani kwako ni boksi gani? Usijibu mwenyewe. Angalia watoto wanapita wapi ukiwa umekaa. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.