Uso wa Mwanafunzi na Haraka ya Mwalimu

Mwalimu mwanafunzi aliyezaliwa Lindi au Tanga, akipangiwa mazoezi ya kufundisha huko Murongo, wilayani Kyerwa, atakutana na jambo lisilomo katika andalio lake la somo. Atamwuliza mtoto wa darasa la pili, "Umeelewa?" Mtoto hatatamka neno. Atainua nyusi mara moja, kisha atatazama chini. Mwalimu atauliza tena, safari hii kwa ukali, na nyusi zitapanda tena. Hapo ndipo neno "jeuri" litakapomjia kichwani, na fimbo haiko mbali.

Kumbe mtoto amekwisha kujibu. Ng'ambo ya mto Kagera, kule Kikagati nchini Uganda, kuinua nyusi bila kusema ni namna ya kawaida ya kuitikia "ndiyo". Mto huo ni mpaka wa serikali. Desturi huuvuka kila siku. Kinyambo cha upande huu na Kinyankole cha upande wa pili ni lugha za karibu mno, na nyuso nazo zina ujirani wake. Ama macho yaliyoinama, ambayo mgeni huyadhania dalili ya hatia, aghalabu ni adabu ambayo mtoto amefunzwa nyumbani mbele ya mkubwa.

Wataalamu wenyewe hawajapatana. Charles Darwin aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili mwaka 1872. Karibu karne moja baadaye Mmarekani Paul Ekman, aliyefanya utafiti Papua Guinea Mpya, alishikilia kwamba baadhi ya hisia husomeka usoni kwa watu wote, na kwamba hisia inayofichwa huweza kuchomoza kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Lakini mwaka 2016 watafiti wengine walieleza kuwa vijana wa visiwa vya Trobriand, katika nchi hiyo hiyo, walipoonyeshwa uso ambao Wazungu huuita wa hofu, wao waliuona kuwa uso wa mtu anayetisha. Sisi tuliokaa darasani wiki tatu tunapata wapi uhakika wa kumchapa mtoto kwa sababu ya nyusi?

Hatusemi mwalimu asitazame. Atazame sana! Mtoto anayezungumza Kinyambo nyumbani hujifunza kuimba "Ndiyo, mwalimu!" pamoja na wenzake kabla hajaelewa Kiswahili cha somo lenyewe. Katika kelele hiyo yupo anayefumbua mdomo bila sauti, na yupo anayechungulia daftari la jirani kabla ya kushika kalamu. Dalili hizo humwonyesha mwalimu dawati la kuliendea. Hazimwambii atakachokikuta hapo.

Tabasamu ndilo linalotusikitisha zaidi. Mtoto anapokaripiwa mbele ya wenzake, mara nyingine hutabasamu kwa hofu na aibu, na watoto wengi wameongezewa viboko kwa kosa la "kucheka".

Kwa maoni yetu, swali la "Umeelewa?" lipunguzwe sana. Mwalimu aseme, "Nionyeshe," ampe mtoto vizibo saba vya soda na kumwambia aondoe vitatu, kisha atazame mikono yake. Na kuhusu nyusi, amwulize mwalimu mwenyeji, jioni ile ile, kabla hajaandika chochote katika daftari la makosa.