Marekani Iliyo Mkononi Mwetu



Dominika ya tarehe 14 Septemba 2025 tuliadhimisha Sikukuu ya Kutukuka kwa Msalaba. Baada ya Misa ya pili tuliwakuta vijana wetu kadhaa wameinamia simu moja chini ya mwembe. Tulidhani wanatazama mpira. Kumbe walikuwa wanamtazama mtu akifa. Siku nne kabla, katika jimbo la Utah nchini Marekani, mwanaharakati wa siasa aitwaye Charlie Kirk, mwenye umri wa miaka 31, alipigwa risasi mbele ya umati katika chuo kikuu. Picha za tukio lile zilikuwa zimezunguka dunia yote kabla hata familia yake haijapata nafasi ya kulia. Vijana wetu walizirudia mara tatu. Kisha wakaanza kubishana: huyu akisema marehemu alistahili, yule akisema waliomchukia wote ni maadui wa Mungu. Tulipowauliza ni nani kati yao aliyewahi kulisikia jina la marehemu wiki moja kabla, hakuna aliyejibu.

Tuliwaomba waizime simu, tukasali pamoja kwa ajili ya roho ya marehemu na kwa ajili ya mjane na watoto wake. Lakini tangu siku ile jambo hili limetukaa moyoni, na leo tungependa kulitafakari pamoja nanyi.

Marekani si ngeni katika bonde letu. Wazee wetu waliifahamu kwa redio, jioni baada ya kuamia ndege mashambani, walipoisikiliza Sauti ya Amerika kwa Kiswahili. Redio hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1942, iliwekwa kimya na serikali yake yenyewe mwezi Machi 2025. Waliofuata baada ya wazee wetu waliifahamu Marekani kwa filamu za kibanda umiza. Kizazi cha leo kinaibeba mfukoni, na kila anayenunua bando hununua pia kipande cha ugomvi wa Wamarekani.

Tunasema ugomvi kwa sababu ndicho kinachotufikia zaidi. Mitandao hii hujipatia fedha kwa matangazo, na tangazo huhitaji macho yanayokaa mahali pamoja. Jambo linalomkasirisha mtu humshika kuliko jambo linalomfundisha. Kwa hiyo mtambo huchagua hasira na kutuletea, nasi huipokea tukidhani ndiyo dunia ilivyo.

Tuwape mfano. Majuma mawili tu kabla ya kifo kile, tarehe 27 Agosti 2025, mtu mwenye silaha aliwafyatulia risasi watoto wa shule waliokuwa katika Misa kwenye Kanisa la Annunciation, mjini Minneapolis. Watoto wawili waliuawa, mmoja wa miaka 8 na mwingine wa miaka 10, na wengine wengi walijeruhiwa. Walikuwa Wakatoliki kama sisi, wakisali sala zilezile tunazosali sisi. Kati ya vijana wale chini ya mwembe hakuna hata mmoja aliyekuwa na habari hiyo. Hatuwalaumu. Kifo kimoja kilikuwa na picha ya kutisha na kambi mbili za kushindana, na kingine kilikuwa na machozi ya wazazi. Mtambo ukatuchagulia nani wa kumlilia. Hapo ndipo tunaposema kwamba kuna hatari ya kiroho: kuukabidhi moyo wa huruma kwa mashine isiyo na moyo.

Wengine watatujibu kwamba Mkatoliki ni mtu wa ulimwengu mzima, na kwamba kujua habari za mataifa ni jambo jema. Tunakubali. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1963 kuhusu vyombo vya upashanaji habari, ulikiri wazi kwamba wanadamu wana haki ya kupata habari. Tena liko jambo tunalopaswa kujifunza kwa Wamarekani. Tangu mwaka 1791 katiba yao inakataza sheria ya kuwaziba watu midomo, na raia wa kawaida anaweza kumkosoa rais wake hadharani. Hilo tunaliheshimu. Aidha, tunaona huzuni yao: nchi tajiri ambamo bunduki zilizo mikononi mwa raia zinakadiriwa kuwa nyingi kuliko raia wenyewe, na ambamo jirani wa chama kingine amekuwa adui. Lakini tusimcheke mwenzetu nyumba yake ikiungua. Mwezi Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi wetu, damu ilimwagika katika nchi yetu wenyewe, na intaneti ilikatwa kwa siku kadhaa. Katika siku zile tulionja vyote viwili: ubaya wa uvumi usio na kizuizi, na ubaya wa ukimya wa kulazimishwa. Mwenye kibanzi na mwenye boriti wote wanahitaji kuona.

Sasa tufike kwenye kiini. Wakati tunaumizwa na magomvi ya Marekani yasiyotuhusu, uamuzi mmoja wa Marekani uliotuhusu sana ulipita mbele yetu bila kuujadili ipasavyo. Tarehe 20 Januari 2025 serikali ya nchi hiyo ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90 ili kuipitia upya, na kufikia tarehe 1 Julai 2025 shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limefungwa. Wengi mnakumbuka mpango wa kupambana na UKIMWI ulioanzishwa mwaka 2003 wakati wa Rais George W. Bush. Katika nchi yetu ndugu zetu wengi sana wako hai leo kwa sababu ya dawa za mpango huo. Siku zile mama mmoja alitufuata sakristia, akafunga mlango nyuma yake, akauliza kwa sauti ya chini: “Baba, ni kweli dawa zinaisha?” Alikuwa amesikia katika kundi la WhatsApp kwamba zimekwisha nchi nzima, na usiku ule hakulala. Uvumi ule haukuwa wa kweli, lakini hofu yake ilikuwa ya kweli kabisa. Tulimsihi aende kliniki kuuliza, asiache dawa hata siku moja.

Katika maoni yetu, mama huyu anatufundisha kipimo cha habari. Habari inayostahili muda wa Mkristo ni ile inayomwonyesha jirani aliye kando ya njia. Katika mfano wa Msamaria Mwema, kuhani na Mlawi hawakukosa habari. Walimwona majeruhi wakapita. Sisi nasi tunaweza kuwa na taarifa zote za Washington, na bado tukapita mbele ya mama anayetetemeka mlangoni.

Kuhusu msaada huo, tuseme mambo mawili kwa haki. La kwanza, tushukuru. Fedha zile zilitoka katika kodi za wafanyakazi wa Marekani ambao hawatatuona kamwe. La pili, tujifunze. Uhai wa watu wetu haupaswi kutegemea kalamu ya mtu mmoja aliye ng'ambo ya bahari. Ifakara inao mfano wake yenyewe. Wamisionari Wakapuchini kutoka Uswisi waliweka misingi ya hospitali yetu ya Mtakatifu Fransisko. Katika miaka ya 1950 Waswisi wakaanzisha hapa maabara ndogo ya utafiti wa magonjwa ya tropiki. Maabara hiyo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, inaongozwa na Watanzania, na kazi yake kuhusu malaria inajulikana duniani. Msaada ulio mwema ni ule unaomwinua anayesaidiwa hadi asimame. Tudai bajeti ya afya inayotosha, tukate bima, na tusione aibu kuchangia.

Na msije mkadhani kwamba Marekani yote ni ile ya kwenye simu. Tarehe 8 Mei 2025 Roho Mtakatifu alilipatia Kanisa Baba Mtakatifu Leo wa 14, aliyezaliwa Chicago mwaka 1955. Mwana huyo wa Marekani alitumia miaka mingi ya maisha yake kati ya maskini wa Peru, na akiwa Mkuu wa Shirika la Waaugustino alifika hata hapa Tanzania. Siku chache tu baada ya kuchaguliwa aliwaita waandishi wa habari, akawasihi wayavue maneno yao silaha. Wala hakuwa anawasemea waandishi peke yao. Kila mwenye simu siku hizi ni mwandishi.

Basi, kwa wiki hii tunawaalika katika Jumuiya Ndogondogo kufanya mambo matatu. Kwanza, picha ya mtu anayekufa isitumwe wala isirudiwe, asaliwe. Pili, kabla ya kusambaza habari, tujiulize nani aliiona, na nani ataumia ikiwa ni uongo. Tatu, kila jioni tukisoma habari moja ya mbali, tuulizie na habari moja ya hapa. Bonde letu lilitambuliwa mwaka 2002 kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa, na bado wakulima na wafugaji wanagombania maji na malisho. Mafuriko ya mwaka 2024 yaliacha kaya bila mpunga wala mbegu. Je, tunayajua majina ya jirani zetu ambao hawajainuka hadi leo?

Wale vijana wa chini ya mwembe walirudi Dominika iliyofuata. Mmoja wao alitunong'oneza kwamba ameifuta ile video, na kwamba ameweka nia ya Misa kwa ajili ya wale watoto wawili wa Minneapolis. Hajui majina yao. Mungu anayajua.

Bikira Maria, aliyeyaweka mambo yote moyoni na kuyatafakari, atufundishe kusikia kabla ya kusema. Niwatakieni Dominika njema. Tumsifu Yesu Kristo!